Kabla Hujanunua Kadi ya Grafiki, Soma Stika ya Pawa Saplai

Kompyuta nyingi zinazouzwa Mwanjelwa jijini Mbeya, Miyomboni pale Iringa na Njombe mjini ni za mtumba zilizotoka maofisini nje ya nchi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na prosesa zake bado zina nguvu ya kuhariri video, kuchora ramani za nyumba au kucheza gemu, mradi zipate kadi ya grafiki. Shida ni kwamba zilitengenezwa kwa kazi za barua na mahesabu, na pawa saplai zake, yaani vifaa vinavyogawa umeme ndani ya kompyuta, zikapimwa kwa kazi hiyo hiyo. OptiPlex 7010 ya mnara ina wati 275. OptiPlex 9020 ya mnara ina wati 290. Zile nyembamba za kulaza huwa na wati 240 au 255. Ukiweka humo kadi inayokula wati 185 peke yake, kompyuta itazimika gemu likianza kunoga, na ukiendelea kulazimisha unaweza kupoteza pawa saplai, kadi na madabodi (bodi kuu ya kompyuta) kwa mpigo mmoja.

Ushauri wetu mkuu ni huu: usinunue pawa saplai kwa namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Inunue kwa ampea za mstari wa volti 12, na kwa uwezo wake wa kuvumilia umeme wa mahali unapoishi. Na inunue kabla ya kadi, au siku moja na kadi, kamwe isiwe baadaye "hela ikipatikana".

Piga hesabu ya mzigo

Vitu viwili ndivyo vinavyokula umeme mwingi ndani ya kompyuta: kadi ya grafiki na prosesa. Vingine vyote ni vidogo.

Kwa kadi, tafuta matumizi ya kadi nzima, siyo ya chipu peke yake. Hizi ni baadhi ya kadi zinazopatikana kirahisi sokoni: GTX 750 Ti wati 60, GTX 1050 Ti wati 75, GTX 1650 ya kawaida wati 75, RTX 4060 wati 115, GTX 1060 wati 120, GTX 1660 Super wati 125, RX 6600 wati 132, RTX 3060 wati 170, RX 580 wati 185, RTX 3070 wati 220, RTX 3080 wati 320. RTX 4090 inafika 450. Hizo ni namba za muundo wa kiwandani. Kadi iliyoongezwa kasi na kampuni iliyoitengeneza inaweza kuzidi kwa wati 10 hadi 30.

Tazama tena orodha hiyo. RTX 4060 inakula kidogo kuliko RX 580 ya mtumba, na kwa kazi ni kadi kubwa zaidi. Kwa hiyo kadi ya zamani yenye bei ya kuvutia inaweza kukulazimisha kununua pawa saplai kubwa, ikala yuniti zaidi kila mwezi, na mwisho wa hesabu ikawa ghali kuliko mpya.

Kwa prosesa, usidanganywe na namba ya TDP, yaani wati ambazo kiwanda huiandikia prosesa. Kwa prosesa za zamani za Intel namba hiyo ina ukweli: i5-3470 ina wati 77, i7-4790 ina wati 84. Kwa za sasa, TDP ni mwanzo tu. i5-12400 imeandikwa wati 65 lakini ikikimbia inaruhusiwa kufika 117. Ryzen nyingi za AMD za soketi ya AM4 zenye TDP ya wati 65 zinaruhusiwa kufika 88, na zile za wati 105 zinafika 142. i9-13900K inafika 253. Chukua namba ya juu.

Kisha ongeza wati 60 hadi 80 kwa madabodi, RAM, feni na diski. Diski ya kuzunguka inakula wati 6 hadi 10 ikiwa kazini, lakini inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta hadi 25 kwa sekunde chache, kwa hiyo mwenye diski tatu za kuhifadhia video za harusi azihesabu vizuri.

Jumla ukishaipata, chagua pawa saplai ambayo mzigo huo utakuwa kati ya asilimia 60 na 70 ya uwezo wake. Mifano mitatu inatosha.

OptiPlex 7010 ya mnara yenye i5-3470 na GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada: 77 na 75 na 60 ni wati 212. Pawa saplai yake ya wati 275 inabeba mzigo huo kwa asilimia 77. Tumevuka kiasi tulichosema, lakini kadi hii inachukua umeme wake wote kwenye sloti na hairukiruki sana, na pawa saplai za Dell zinatoa kweli kilichoandikwa. Hapo huna haja ya kununua kitu.

Ryzen ya wati 88 na RTX 3060: 88 na 170 na 70 ni 328. Nunua ya wati 550, ambayo ndiyo NVIDIA, wenye chipu ya kadi hiyo, wanayopendekeza.

Prosesa ya wati 190 na RTX 3080: 190 na 320 na 80 ni 590. NVIDIA wanasema 750 inatosha. Sisi tungechukua 850, kwa sababu inayofuata.

Kwa nini nafasi ya ziada ni lazima

Namba za kadi tulizozitaja ni za wastani. Kadi ya kisasa inaruka juu ya wastani wake kwa vipande vya sekunde visivyoonekana kwenye programu yoyote ya kupimia, na kadi kubwa za mfululizo wa RTX 3000 zilijulikana sana kwa tabia hii. RTX 3080 inaweza kugusa karibu mara mbili ya wati zake kwa muda mfupi kabisa kisha ikashuka. Pawa saplai yenye ulinzi mkali inaona mruko huo kama shoti, inajizima. Mwenye kompyuta anaona giza la ghafla, anadhani kadi imekufa, anairudisha dukani, kumbe kadi ni nzima.

Kiwango cha ATX 3.0 kilichotoka mwaka 2022 kimelishughulikia jambo hili: pawa saplai inayokifuata lazima ivumilie miruko ya hadi mara mbili ya wati zake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kama unanunua mpya kwa ajili ya kadi ya wati 200 na kuendelea, tafuta maandishi ya ATX 3.0 au 3.1.

Stika yenyewe

Geuza pawa saplai, tazama stika ya ubavuni. Kuna jedwali lenye safu za +3.3V, +5V, +12V, -12V na +5VSB, na chini yake ampea za kila safu. Kadi ya grafiki na prosesa, wote wawili, wanakula kwenye +12V. Zidisha ampea za safu hiyo kwa 12 upate wati zinazokuhusu.

Chukua stika mbili zilizo mezani kwa muuzaji. Ya kwanza imeandikwa 500W kwa herufi kubwa nyekundu; safu zake ni +3.3V ampea 28, +5V ampea 30, +12V ampea 18. Kumi na nane mara 12 ni wati 216. Hiyo ndiyo nguvu yake kwa kazi yako. Zilizobaki ziko kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo inachukua kidogo tu. Ya pili imeandikwa 450W, na safu ya +12V ni ampea 36. Hiyo ni wati 432. Ya "450" ina nguvu mara mbili ya ya "500". Muuzaji asiyejua atakuuzia ya kwanza kwa nia njema kabisa, kwa sababu namba yake ni kubwa.

Baadhi ya stika zina +12V1 na +12V2. Usijumlishe ampea zake. Tafuta mstari wa chini unaotaja jumla ya wati za volti 12 zote kwa pamoja. Ndio unaosema kweli. Kama mstari huo haupo, mashaka ni ya haki.

Stika ya uongo nayo ipo. Dalili zake huzioni kwenye maandishi ila kwenye mwili wa kitu chenyewe. Pawa saplai ya wati 500 ya kweli ni nzito mkononi, kwa sababu ina vipoza joto vya alumini, koili na kapasita kubwa. Ile ya uongo ni nyepesi, ukiitikisa unahisi utupu. Chungulia kwenye matundu ya feni kwa tochi ya simu: ukiona bodi yenye nafasi nyingi wazi, iache. Tazama na waya. Kwenye ngozi ya waya huandikwa 18AWG. Ukikuta 20 au 22, waya ni nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa kadi ya grafiki, maana kadiri namba inavyopanda ndivyo waya inavyopungua unene. Pawa saplai ya "wati 600" isiyo na hata plagi moja ya pini 6+2 ya kadi ya grafiki imejisema yenyewe.

Ukiagiza Kariakoo, mzigo unasafiri zaidi ya kilomita 800 kwa basi hadi Mbeya na kuurudisha ni kazi. Kwa hiyo kabla hujatuma hela, mwombe muuzaji apige picha ya stika ya ubavuni na picha ya plagi zote zikiwa zimetandazwa, akutumie kwa WhatsApp. Picha ya boksi haisaidii.

Alama ya 80 PLUS nayo ina maana, lakini siyo ile wanayoitangaza madukani. Inasema ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika kwenye kompyuta badala ya kugeuka joto: Bronze ni karibu asilimia 85 mzigo ukiwa nusu, Gold ni karibu 90. Haisemi chochote kuhusu ulinzi dhidi ya shoti au umeme mwingi. Hata hivyo pawa saplai ikifikia Bronze ya kweli, kwa kawaida na vifaa vya ndani ni vya heshima, na LUKU utaiona. Mzigo wa wati 300 kwenye Bronze unavuta ukutani wati 353; kwenye pawa saplai ya ufanisi wa asilimia 70 unavuta 429. Kwa saa 4 kila siku, tofauti ni yuniti 9 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo mwisho wake ni yuniti 75 kwa mwezi, yuniti 9 siyo kitu cha kupuuza.

Plagi, na makosa yanayounguza

Sloti ya madabodi inatoa wati 75 kwa kadi. Plagi ya pini 6 inaongeza 75. Plagi ya pini 8 inaongeza 150. Ndiyo maana GTX 1650 nyingi hazina plagi, na RTX 3080 ina mbili au tatu.

Ogopa adapta inayotoa plagi ya kadi kutoka kwenye waya ya SATA, ile ya kulisha diski. Plagi ya SATA imeruhusiwa ampea 4.5 tu kwenye volti 12, yaani wati 54. Plagi ya pini 6 inaweza kudai 75. Plastiki inayeyuka taratibu, unasikia harufu ya waya kuungua gemu likiwa limepamba moto, na mara nyingine diski iliyo kwenye tawi hilo hilo inaondoka nayo. Pawa saplai isiyo na plagi ya kadi haikukusudiwa kubeba kadi. Jibu ni kuibadilisha.

Plagi ya pini 8 ya prosesa na ya pini 8 ya kadi zinafanana kwa mbali lakini chanya na hasi zimepishana. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi hugawanyika 6 na 2. Maumbo ya pini yamechongwa yasiingiliane. Ukiona unatumia nguvu, acha, umekosea.

Kwenye pawa saplai yenye waya za kuchomoa, usichukue waya ya pawa saplai nyingine hata kama inaingia vizuri. Upande wa kadi una kanuni moja duniani kote, lakini upande wa pawa saplai kila kiwanda kina mpangilio wake, na hata kiwanda kimoja hubadilisha kati ya mfululizo mmoja na mwingine. Waya isiyo yake inaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Ukinunua ya mtumba bila waya zake zote, umenunua nusu.

Kadi yenye plagi mbili na inayozidi wati 200 ipe waya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, badala ya waya moja yenye vichwa viwili. Na kwa plagi mpya ya pini 16 ya kadi za RTX 4000 na 5000, sukuma hadi usione pengo lolote kati ya plagi na kadi, kisha usiikunje ndani ya milimita 35 za mwanzo. Plagi zilizoyeyuka zimekutwa mara nyingi hazikuingia mpaka mwisho.

Sasa kwa wenye mashine za ofisini. OptiPlex 7010 ya mnara inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo pawa saplai yoyote ya ATX inayotosha kwenye kasha inafaa. OptiPlex 9020 inatumia plagi ya pini 8 iliyo ya Dell peke yao, na EliteDesk 800 G1 ya mnara inatumia ya pini 6 ya HP. Zipo adapta za pini 24 kwenda hizo. Nunua iliyoandikwa modeli yako hasa. Pima pia nafasi: pawa saplai ya ATX ina upana wa milimita 150, kimo 86 na urefu wa 140 na kuendelea. Kwenye kasha jembamba la kulaza haiingii, na kwa mashine hizo tunashauri ubaki na kadi fupi ya nusu kimo isiyozidi wati 75, au uhame kasha.

Umeme wa kwetu

Hapa ndipo miongozo mingi iliyoandikwa kwa nchi nyingine inapomwacha msomaji wa Mbeya njiani.

Anza na swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai, yenye maandishi 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani au Japani inaweza kuja imewekwa 115. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 bila kuisogeza, utasikia mlio mkubwa na moshi utafuata. Isogeze kwa bisibisi kabla waya haijagusa ukuta. Pawa saplai isiyo na swichi na iliyoandikwa 100-240V inajirekebisha yenyewe, na ndiyo tunayoipendelea kwa sababu nyingine pia: jioni, nyumba zote za mtaa zikipika na kuchemsha maji ya kuoga, umeme hushuka. Pawa saplai ya 100-240V inaendelea kufanya kazi ukiwa volti 170. Lakini inavuta ampea zaidi kufidia. Mzigo wa wati 400 kwenye volti 230 ni ampea 1.7, kwenye 170 ni karibu 2.4. Ekstensheni nyembamba inayotumika pia kwa birika la umeme haifai. Ile iliyoandikwa 200-240V umeme ukishuka hivyo inazimika, au inachemka.

UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, nayo ina hesabu yake. VA siyo wati. UPS ya 650VA hubeba wati 360 hadi 390, na kompyuta yenye RTX 3060 na monita imeshaumaliza uwezo huo. Mwenye RTX 3080 atahitaji ya 1500VA. Kuna jambo la pili: umeme ukikatika, UPS za kawaida huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Pawa saplai inayofuata kiwango inashikilia kompyuta kwa milisekunde 16 hivi kwa umeme uliobaki kwenye kapasita yake kubwa. Ya bei ya chee ina kapasita ndogo, haifiki hapo. Ndiyo maana mtu ana UPS yenye betri mpya na bado kompyuta inazimika kila umeme ukikatika. Anabadilisha betri, kumbe mgonjwa ni pawa saplai. UPS na inveta za sola zinazotoa wimbi la ngazi, yaani umeme usiopanda na kushuka kwa ulaini kama wa gridi, nazo hugombana na baadhi ya pawa saplai bora, zikazima ghafla. Kwa mashine ya kazi ya hela, inveta iwe ya wimbi safi.

Ethi ya nyumba ikaguliwe na fundi umeme. Plagi ya pini tatu ukutani si ushahidi kwamba waya ya tatu inafika ardhini. Dalili ya ethi mbovu ni kasha linalokutekenya unapoligusa kwa nyuma ya mkono. Ekstensheni yenye kinga ya radi hutegemea ethi kwa sehemu kubwa ya kazi yake, na bila hiyo imebaki ekstensheni ya kawaida. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na Tukuyu karibu mwaka mzima, radi ikianza kunguruma chomoa waya ya umeme na waya ya intaneti vyote. Umeme ukirudi baada ya kukatika, subiri dakika chache kabla ya kuwasha.

Kuhusu mwinuko: Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe karibu 2,000, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ya Dar es Salaam. Baridi yetu inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa hiyo usiongeze wati kwa ajili ya mwinuko. Adui mkubwa wa feni zetu ni vumbi la Agosti hadi Oktoba. Pulizia pawa saplai kwa blowa kila baada ya miezi mitatu, umeichomoa, ukiwa umeshika feni isizunguke. Usiifungue. Ndani kuna kapasita inayobaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuichomoa, na inaua.

Kufunga

Zima kompyuta, chomoa waya ya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 5 ili umeme uliobaki uishe. Mwezi Juni na Julai vua sweta la sufi kwanza. Hewa kavu na sufi vinatengeneza umeme wa msuguano unaotosha kuua chipu. Gusa chuma cha kasha kila unaporudi mezani.

Piga picha ya kila plagi kabla hujachomoa. Toa ya pini 24 kwa kubana kilimi chake, ya prosesa, za diski, halafu fungua skrubu nne za nyuma. Ingiza mpya feni ikitazama chini kama kasha lina matundu na chujio chini yake. Kama linakaa juu ya kapeti au halina matundu, feni itazame juu. Ingiza skrubu zote nne kabla ya kukaza yoyote.

Kadi ingiza kwenye sloti ndefu iliyo karibu zaidi na prosesa mpaka kilimi kilie, funga skrubu yake, ndipo uchomeke plagi za umeme. Kadi nzito yenye feni tatu iwekee nguzo chini ya ncha yake. Waya ya monita iende kwenye kadi, siyo kwenye madabodi. Kosa hili ni la kawaida sana, na limewafanya watu wengi kurudisha kadi nzima.

Kupima, na kusoma dalili

Usianze na gemu. Weka draiva, kisha endesha programu ya OCCT kwenye jaribio lake la umeme, linalobebesha prosesa na kadi kwa wakati mmoja, kwa dakika 15 hadi 30 ukiwa umekaa karibu. Wakati huo pima volti kwa mita kwenye plagi ya molex (ile ya zamani ya pini nne) isiyotumika: waya ya njano na nyeusi. Kiwango kinaruhusu 11.4 hadi 12.6. Pawa saplai nzuri haishuki zaidi ya volti 0.3 kati ya kupumzika na mzigo kamili. Namba za volti zinazoonyeshwa na programu zinatoka kwenye kihisio cha madabodi na hukosea; amini mita.

Ikizimika yote kwa ghafla na kujiwasha tena kadi inapobeba mzigo, ni pawa saplai: aidha ni ndogo au inakata kwa miruko. Kwenye kumbukumbu za Windows utakuta Kernel-Power 41, ambayo inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu, haitaji mkosaji. Skrini ikiwa nyeusi huku feni za kadi zikikimbia kwa kasi yote, kagua plagi za kadi kwanza. Mistari na rangi za ajabu kwenye picha mara nyingi ni kadi au joto, siyo pawa saplai. Kompyuta isiyowaka kabisa baada ya kubadilisha, tazama plagi ya prosesa juu kushoto mwa madabodi. Husahaulika kuliko zote.

Mwenye kadi tayari na pawa saplai inayokaribia tu kutosha anaweza kushusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 75 kwa programu ya MSI Afterburner. RTX 3060 itashuka kutoka wati 170 hadi 128 hivi, na kasi itapungua kidogo kuliko umeme ulivyopungua. Hii inafaa kwa pawa saplai ya kweli iliyo ndogo kidogo. Ile ya ampea 18 iliyojiita 500W itoe kwenye kompyuta leo, na usimuuzie jirani.